Aliyekuwa Macho ya Biasha

Twaiba alianza kukimbia na Biasha mwaka aliotimiza miaka thelathini na saba, umri ambao wanawake wenzake wa Kinondo walikuwa wameshaanza kulalamikia magoti. Kazi yake ilikuwa ushonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na wateja wake walikuwa akina mama wa hapo hapo na watoto wa shule. Lakini kabla ya cherehani, kabla ya kuolewa na Mbwana dereva wa tuktuk, kabla ya watoto watatu, Twaiba alikuwa mkimbiaji. Alipokuwa msichana wa shule alifika mpaka mashindano ya kitaifa, mbio za mita elfu moja na mia tano, akatoka wa nne. Wa tatu alivishwa nishani. Yeye alipewa soda, akarudi Kwale.

Alikutana na Biasha kwa sababu ya gauni la Idi. Mzee Boga, msukaji wa madema ya kuvulia samaki, alimwita aje nyumbani kumpima binti yake, kwa kuwa binti mwenyewe hakupenda kutoka. Alikuwa na miaka kumi na sita. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imempofusha akiwa na miaka tisa. Twaiba alipoingia uani alimkuta anakimbia. Mzee Boga alikuwa amefunga kamba ya nailoni kutoka mnazi hadi mnazi ili mtoto aweze kufika chooni peke yake, na mtoto alikuwa ameigeuza kamba ile kuwa uwanja wake. Kiganja kiliteleza juu ya nailoni, miguu ikapiga chini, akifika mwisho anageuka na kurudi. Ardhi chini ya kamba ilikuwa imechimbika kama mfereji.

"Umekwenda mara ngapi?" Twaiba aliuliza, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Mia na arubaini. Bado sitini."

"Na huchoki?"

"Kuchoka nachoka. Kinachoniudhi ni kule kugeuka."

Vipimo vya gauni vilisahaulika. Kesho yake baada ya sala ya alfajiri Twaiba alirudi na kamba fupi aliyoisuka kwa leso kuukuu, yenye kitanzi kila upande. Kitanzi kimoja alimvisha Biasha mkononi, cha pili akavaa mwenyewe. Akamteremsha pwani wakati maji yamekupwa, mchanga umekuwa mgumu kama barabara, akamwambia, "Hapa hugeuki mpaka nikwambie."

Wakakimbia hivyo miaka sita.

Hawakupumzika ila Ijumaa. Saa za mazoezi zilifuata maji: yakitoka mapema walitoka mapema, yakichelewa Twaiba aliacha nguo ya mtu na sindano ndani yake akaenda. Siku ambazo bahari ilijaa walikwenda uwanja wa shule, Biasha akabebeshwa gunia la mchanga mabegani akachuchumaa na kusimama mpaka mapaja yatetemeke. Mwezi wa Ramadhani walikimbia saa moja kabla ya futari, midomo imekauka. Twaiba hakuwa mtu wa kubembeleza. "Ukitaka kutapika, tapika huku unakwenda," ndiyo iliyokuwa kauli yake, na Biasha alitapika mara nyingi, huku anakwenda.

Muda wa kila mbio Twaiba aliuandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni. Siku Mbwana alipoufuta mlango ili aupake rangi, hawakusemezana siku mbili.

"Mke wangu," Mbwana alimwambia walipopatana, "wanao hujui wanavaa viatu namba ngapi. Lakini kidole cha Biasha kikivimba, wewe unajua kabla yake."

Alikuwa anamlaumu. Twaiba aliisikia kama sifa. Na kweli alijua. Alijua pumzi ya Biasha ya kilomita ya kwanza na ya kilomita ya tano. Alijua ni hatua ngapi kabla ya kizuizi Biasha alipenda kuambiwa. Alikuwa akimwitia njia nzima: mwani, jiwe kulia, maji, ruka. Watu walipomuuliza yeye ni nani kwa yule msichana, alijibu, "Mimi ndiye macho yake," na hakuona kwamba anajisifu.

Mambo yaligeuka Mombasa, kwenye mashindano ya wilaya za Pwani ya watu wenye ulemavu. Katika mbio zile mkimbiaji asiyeona hufungwa kamba na kiongozi anayeona. Kiongozi haruhusiwi kumvuta, wala kuvuka mstari wa mwisho kabla yake. Biasha alishinda mita elfu moja na mia tano kwa dakika tano na sekunde thelathini na nane. Wa pili alikuwa mbali. Twaiba aliinama akishika magoti, dunia inamzunguka, akingoja kupongezwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipima muda, jina lake Judy, alimpa chupa ya maji.

"Kwenda timu ya taifa wanataka dakika tano na sekunde ishirini," alisema. "Na huyu binti ataziweza."

"Ataziweza, inshallah. Tutaongeza mazoezi."

Judy alimtazama, akamtazama Biasha aliyekuwa amesimama wima kama mtu anayengoja gari. "Dada, usinichukie. Huyu hatweti. Anayetweta ni wewe. Mtafutie kiongozi mwenye mbio zaidi."

Twaiba alirudi Kinondo na maneno yale yamemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa na miaka arubaini na mitatu. Kwa mwezi mzima alijifungia vitambaa magotini, akameza vidonge vya maumivu, akakimbia peke yake jioni ili apate kasi. Chaki ya mlangoni haikumdanganya. Mwishowe Biasha mwenyewe, ambaye Judy alikuwa amempigia simu, ndiye aliyesema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tujaribu. Kujaribu tu."

Aliyekuja kujaribiwa aliitwa Mwero, kijana wa Kinango, mwalimu wa mazoezi katika hoteli moja ya Diani. Alifika pwani kabla yao, ameshavua viatu. "Shikamoo mama," alisema, akainama kidogo. Twaiba aliitikia marahaba, akatafuta kasoro. Saa yake ya mkononi ilikuwa kubwa mno. Meno yake yalikuwa meupe mno. Alikuwa na daftari, na kila alichoambiwa alikiandika.

"Mama, yeye hupenda kuambiwa kitu hatua ngapi kabla?"

Jibu lilikuwa hatua tano. Twaiba alilijua kama alivyojua majina ya wanawe.

"Tatu," alisema.

Akawafunga kamba kwa mikono yake mwenyewe, wakaondoka. Hawakufika mbali Mwero akaita "Jiwe!" na Biasha akapepesuka, akajishika. Upepo ulileta maneno yake mpaka aliposimama Twaiba. "Tano, Mwero. Niambie zikiwa tano. Labda Mwalimu amesahau."

Twaiba alidhani kwamba lile ndilo lingemchoma zaidi siku ile. Halikuwa. Walipogeuka mbali kule na kuanza kurudi, mabega ya Biasha yalikuwa yameshuka, miguu minne inakanyaga kama miwili, na Biasha alikuwa anacheka. Alikimbia kwa kasi ambayo Twaiba hakuwahi kumwona nayo, na bado alikuwa na pumzi ya kucheka. Katika miaka sita, mbele ya Twaiba, hakuwahi kucheka akikimbia hata mara moja.

"Mama, huyu ni moto!" Mwero alisema walipofika. "Umemjenga wewe. Mimi nimekuta kazi imekwisha."

Maneno hayo yangemtuliza mtu mwingine. Yeye yalimzidishia. Aliona kijana anakula chakula alichopika yeye, kisha anamshukuru mpishi.

Miezi miwili alivumilia. Alikuja na saa yake, akapima, akaandika mlangoni sekunde zilizozidi dakika tano: thelathini na moja, ishirini na saba, ishirini na nne. Kila tarakimu iliposhuka alifurahi kwa dakika moja, kisha furaha ikachacha. Biasha alianza kusema "Mwero anasema". Mwero anasema nilale mchana. Mwero anasema nisibebe gunia kabla ya mbio. Twaiba alikuwa akiyasikia hayo akishona, mguu ukikandamiza cherehani mpaka uzi ukakatika.

Jumatano moja alikwenda kwa Mzee Boga. Alimkuta amekaa chini anasuka dema, fito zimemzunguka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Twaiba hakukaa. "Baba, mimi si mtu wa maneno. Lakini watu wanasema. Binti yako mwanamwali, kila asubuhi amefungwa kamba mkono kwa mkono na mwanamume asiye ndugu yake. Na dini yake si yetu."

Mikono ya Mzee Boga ilisimama. "Watu gani?"

"Watu tu, baba. Wa hapa."

Hakuna mtu aliyekuwa amesema neno. Twaiba alilijua hilo wakati anasema, na alipokuwa akirudi nyumbani alijiambia kwamba kama hawajasema leo, watasema kesho, na kwamba amemwepushia mzee aibu. Alitembea kwa hatua nyepesi kuliko siku nyingi zilizopita.

Kesho yake Biasha hakuja. Mwero alingoja mpaka maji yakamfikia vifundoni. "Mama, nimemkosea nini?" aliuliza. Twaiba alimjibu kwamba mambo ya nyumba za watu yeye hayajui. Akangoja siku tatu, akaenda kwa Mzee Boga, akajitolea kukimbia na Biasha kama zamani ili mtoto asipoteze mazoezi. Mzee alikubali na kumshukuru. Zile shukrani alizipokea.

Kwa hiyo alipata alichokitaka. Kitanzi kilirudi mkononi mwake, pwani ikawa yao wawili. Lakini Biasha alikimbia kimya, kama mtu anayetumwa dukani. Siku ya nne, walipopita mwamba wa kwanza, Biasha aliongeza mwendo. Twaiba akaongeza. Biasha akaongeza tena. Kamba ya leso ikakazana baina yao, na kwa mara ya kwanza Twaiba alikuwa ndiye anayevutwa. Alitaka kuita "Maji!" lakini pumzi ya kuitia hakuwa nayo. Goti likamwishia. Kitanzi kikamtoka mkononi, akaanguka kifudifudi mchangani.

Biasha alikwenda hatua kumi peke yake, akasimama. Hakugeuza uso.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Mwaka mzima, Mwalimu," Biasha alisema. "Mwaka mzima nasikia pumzi zako zinakatika, nami napunguza. Mombasa nilipunguza. Nilikuwa nahesabu hatua zako ili nisikuache."

Twaiba alikaa kitako, mchanga mdomoni. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Wewe ndiye uliyenitoa kwenye kamba ya babangu." "Na aliyekwenda kumwambia baba ni wewe. Baba alisema watu wanasema. Asubuhi hapa hakuna watu. Kuna wavua pweza tu, na wavua pweza huinama."

Twaiba alitema mchanga, akainuka. Biasha akanyoosha mkono hewani, si kwa hasira, akasema, "Nirudishe nyumbani." Njia nzima Biasha alishika mkono wa gauni la Twaiba, kamba wakaiviringisha.

Mtu angetarajia Twaiba aende kwa mzee siku ile ile. Hakwenda. Alikaa wiki nzima na hasira yake, akiihesabia haki. Miaka sita yake kwa miezi miwili ya yule! Nani alimfunza mtoto kupumua? Nani aliyemkanda miguu kwa mafuta ya nazi? Alimwambia Mbwana yote, akingoja amuunge mkono. Mbwana alisikiliza, akachukua ufunguo wa tuktuk. "Ulipokuwa msichana, ungetaka mwalimu wako akufanyie hivyo?" alisema, akaenda kazini.

Jumamosi alipeleka mapazia kwenye nyumba moja ya wageni kule Galu, akakata njia kwa pwani. Mbele yake aliona mtu anakimbia ovyo, mara kulia mara kushoto, mikono mbele. Alidhani mlevi. Alipokaribia aliona ni Mwero, kitambaa cheusi kimefungwa machoni, damu inamtoka mguuni. Alikuwa peke yake. Alikwaa rundo la mwani, akaanguka, akainuka, akajipangusa magoti, akaendelea bila kufungua kitambaa.

Twaiba alisimama na mapazia kichwani. Kwanza alipandwa na wivu mkali kuliko wote. Miaka sita alikuwa amejiita macho ya Biasha, na haikumpitia akilini hata siku moja kujifunga yake. Huyu amenyang'anywa mkimbiaji, hana tumaini la kurudishiwa, na bado anajifunza. Alitamani amchukie, akajikuta hana pa kuishika chuki yenyewe.

Kulikuwa na kamba ya nanga iliyokazwa kutoka mashua hadi ufukweni, mbele ya Mwero, usawa wa shingo.

"Simama!" Twaiba alipiga ukelele. "Kamba! Simama hapo hapo!"

Mwero aliganda. "Mama Twaiba?"

"Inama. Mbele yako hatua tano. Haya, pita. Kulia kidogo. Nenda sasa, pametakata."

Mwero alikwenda. Hakufungua kitambaa. Twaiba alimfuata kwa nyuma, mapazia kichwani, akimwitia njia mpaka pumzi zilipomwishia, kisha akageuka bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Boga. Mapazia yalifika kesho yake.

"Baba," alisema mlangoni, kabla hata ya kukaribishwa, "hakuna aliyesema. Nilisema mimi. Na sikusema kwa ajili ya dini. Ni wivu. Yule kijana ana mbio, mimi sina tena."

Biasha alikuwa ndani, na Twaiba alijua anasikia.

"Astaghfirullahi," mzee alisema. "Umemtaja Mwenyezi Mungu kwa mambo ya miguu? Umenifanya nimfungie mwanangu ndani, mimi niliyemfungia mara ya kwanza kwa ile kamba, kwa kutojua?"

"Nimekosa, baba. Nisamehe."

"Mimi si wa kukusamehe kwanza. Aliye ndani ndiye." Akaokota ufito, akaupinda, akauweka chini. "Lakini mtoto wa kike kwenda na mwanamume peke yao, hilo mimi sitalikubali, wasemwe au wasisemwe. Basi utakaa pale wewe. Kila siku. Siku usipokuwapo, hakuna mazoezi. Siku ukiumwa, hakuna. Umelitaka hili, lilinde."

Kutoka ndani Biasha alisema, "Kesho maji yanatoka saa kumi na mbili na nusu, Mwalimu."

Ndivyo Twaiba alivyohukumiwa kutazama. Siku themanini na sita, ukiondoa Ijumaa, alisimama kwenye mchanga ule akiwafunga kamba wawili wale na kuwafungua. Wivu haukumtoka. Asubuhi nyingine ulikuwa mdogo kama chawa, asubuhi nyingine ulimfanya ashindwe kula. Ila alipata mahali pa kuutumia. Aliona vitu ambavyo alipokuwa anakimbia hakuweza kuviona: kwamba mkono wa kushoto wa Biasha unatoka nje akichoka, kwamba Mwero hurefusha hatua akiona mwisho na kumsukuma mwenzake. Akawapigia kelele wote wawili. Mwero, mwalimu wa hoteli, alibebeshwa gunia la mchanga akatapika, huku anakwenda. Hakulalamika. Jioni yake alileta kilo mbili za ndizi nyumbani kwa Twaiba akasema, "Mama, sasa naelewa yeye alitoka wapi." Twaiba alizipokea ndizi. Kumkaribisha ndani hakumkaribisha.

Mashindano ya kuchagua timu yalifanyika Nairobi, kwenye baridi. Kwa amri ya Mzee Boga, Twaiba alikwenda nao. Alikaa jukwaani na shuka begani, saa mkononi, vidole vimekufa ganzi. Bunduki ilipolia aliona Biasha ameanza vizuri, mabega chini. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Katika wa tatu mkono wa kushoto ulitoka nje, na Twaiba akasimama wima akipiga kelele "Mkono! Mkono!" ingawa katika uwanja mkubwa ule hakuna aliyeweza kumsikia. Biasha alivuka mstari, Mwero hatua moja nyuma yake kama sheria inavyotaka. Dakika tano, sekunde kumi na saba: tatu pungufu ya zilizotakiwa.

Twaiba alilia. Alikuwa analia bado alipowaona Biasha na Mwero wamekumbatiana pale chini, kisha wakaachana haraka wakikumbuka walikotoka, na akaisoma midomo ya Biasha ikiuliza, "Mwero, ngapi? Tumefanya ngapi?" Swali lile, miaka sita, lilikuwa lake. Alijifuta machozi kwa ncha ya shuka. Aliteremka ngazi polepole, maana magoti yalimuuma kwa baridi, na kila ngazi alijiambia atasema hongera tu na atanyamaza.

Biasha alijua hatua zake kabla hajafika. Akageuka kumwelekea.

"Mwalimu, mzunguko wa tatu. Tulilegea?"

Mwero alicheka. "Hatukulegea! Tulikwenda sawa kabisa, angalia muda wenyewe."

"Sikukuuliza wewe," Biasha alisema. "Mwalimu?"

"Mlilegea," Twaiba alisema. "Sekunde mbili, karibu tatu. Mkono wako wa kushoto ulitoka, na yeye hakuuona."

"Kweli sikuuona," Mwero alikiri, tabasamu likimpungua.

Twaiba hakuficha kwamba jambo hilo lilimfurahisha. Alimfunika Biasha shuka mabegani, akaanza kumweleza mkono ulivyokuwa, na wakati gani hasa ulianza kutoka, na Mwero akasogea karibu ili asikie.